Sura ya Nne: Giaboksi Iliyooshwa

Inspekta alikuwa ameandika agizo kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye kioo cha mbele cha basi kabla halijakokotwa: LISIFUNGULIWE MPAKA NIFIKE. Alipoingia gereji asubuhi ile, agizo lilikuwa bado palepale, safi kabisa, halijaguswa na mtu. Kilichofunguliwa ni kila kitu kingine.

Juu ya meza ndefu ya chuma, iliyotandikwa shuka jeupe, viungo vya giaboksi vilikuwa vimelazwa kwa safu. Sahani za klachi, springi, pete, shafti fupi na shafti ndefu, bodi ya valvu yenye vijia vingi kama kichuguu kilichopasuliwa katikati. Vyote viling'aa. Hata skrubu zilikuwa zimefutwa moja moja. Kichwani mwa meza alisimama Fundi Mkuu, mikono nyuma, mzito na mtulivu kama mfiwa anayepokea rambirambi, ila uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

Inspekta aliuliza ni nani aliyefungua. Fundi Mkuu alijibu kwamba ni yeye, kwa heshima tu, ili afande, tena mwanamke, asije akasimama juani akisubiri spana. Akauliza ni nani aliyeosha. Fundi Mkuu alisema, kwa heshima ileile, kwamba kwenye gereji yake mgeni hawekewi chuma kichafu mezani. Mteja anaweza kuja kuitazama gia yake iliyokwisha kufa, lakini ataikuta imeoga.

"Fundi," Inspekta alisema taratibu, "hii ilikuwa ushahidi."

"Ndiyo maana tuliirudia mara ya pili, afande. Na sabuni."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Meza ilikuwa bado inang'aa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia na aibu kuisikiliza. Basi dogo la kubeba wanafunzi, la gia za otomatiki, lilikuwa limeegeshwa juu ya mtelemko. Dereva wake aliteremka kwenda kunywa maji. Basi, kwa sababu zake lenyewe, lilianza safari bila mtu, likavuka barabara, likaingia saluni ya upande wa pili bila kupiga hodi, likavunja mashine za kukaushia nywele pamoja na mguu wa mwenye saluni. Hapo ingekuwa ajali kama ajali nyingine. Bahati mbaya mwenye saluni alikuwa mama mkwe wa dereva. Bahati mbaya zaidi, wiki hiyohiyo mama huyo alikuwa amewasimulia wateja wake jinsi mkwewe anavyokoroma hadi binti yake analala jikoni. Dereva akasikia, akaja hadi mlangoni, na mbele ya wateja walewale akasema kwamba iko siku mama huyu ataona kitu ambacho hajawahi kukiona. Akiwa kitandani hospitalini, mguu umening'inizwa, mama aliwaambia polisi kwamba sasa amekiona.

Hivyo dereva alishtakiwa kwa jaribio la kuua. Mchana ule alitakiwa mahakamani. Kwa wakati huo alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, nje ya geti la gereji, amefungwa pingu, na utetezi wake wote ulikuwa sentensi moja ambayo aliirudia bila kuibadilisha: "Niliweka kwenye P."

Ukiweka P kwenye gari la otomatiki, ndani ya giaboksi kuna kipande cha chuma kilichopinda ambacho huingia katikati ya meno ya gurudumu dogo na kulizuia lisizunguke. Mafundi wanakiita kidole, na hakuna aliyewahi kuwaomba jina bora zaidi. Kama kidole ni kizima, basi dereva ni mwongo, gari aliliachia lishuke. Kama kimevunjika, huenda anasema kweli. Njia nyingine zote za kujua zilikuwa zimekwisha kuzibwa na watu wenye nia njema. Breki ya mkono ilikutwa na waya uliokatika zamani, umeota kutu. Dereva alidai alikwisha kumwambia mwenye basi kuhusu waya huo, akajibiwa kwamba otomatiki haihitaji breki ya mkono, P inatosha. Mwenye basi, ili mambo yawe matamu zaidi, alikuwa baba mkwe wa dereva na mume wa mwenye saluni. Mkono wa gia nao haukuwa na maana tena. Majirani waliolivuta basi kutoka saluni waliusukuma huku na huku, na kila mmoja alikumbuka kwa uhakika kwamba aliukuta mahali tofauti.

Kwa hiyo kilichobaki duniani ni kidole.

"Nioneshe kidole," Inspekta alisema.

Fundi Mkuu alikichukua mezani kwa koleo ndogo, akakiweka juu ya kitambaa, akakisogeza mbele yake kama anayetoa pete ya uchumba. Kilikuwa kizima. Ncha yake ilikuwa kali na yenye pembe, bila ufa wala mkwaruzo. Inspekta alikigeuza chini ya lenzi, akakigeuza tena, akatamani kiwe kibovu kwa nguvu zisizofaa kwa mtumishi wa umma.

Simu ililia. Alikuwa Mkuu wa Kituo, ambaye hakuwa ameelewa tangu mwanzo kwa nini mpelelezi wake yuko gereji ilhali kuna mshtakiwa, kuna mashahidi waliosikia kitisho, na kuna mama mwenye mguu kwenye plasta. Alitaka kujua kama hicho kidude kimeonekana. Inspekta alikiri kimeonekana. Alitaka kujua kama kimevunjika. Inspekta alikiri hakijavunjika. Mkuu wa Kituo alisema vizuri sana, aandike hivyo, amlete mtu mahakamani, na kwamba yeye mwenyewe ana mama mkwe na anaelewa jambo hili vizuri.

Inspekta aliikata simu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilicholegea mguu mmoja, akatoa kalamu, akaitazama meza kwa mara ya mwisho ili aieleze kwenye taarifa. Akaanza na sahani za klachi. Nyingine zilikuwa na rangi ya kahawia, nyingine nyeusi tititi, zimeungua hadi utando wake umebanduka. Aliuliza kwa nini ziko tofauti. Fundi Mkuu, aliyefurahi kuulizwa jambo la taaluma, alieleza kwa kirefu kwamba sahani huungua gari likibebeshwa mzigo mzito mara kwa mara, hasa milimani. Inspekta aliuliza mzigo gani mzito, wakati basi lilibeba watoto wa shule. Fundi Mkuu alisema watoto wa siku hizi wanakula vizuri.

Inspekta hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshuka hadi mwisho wa meza, kwenye vichujio vya oili, vyepesi na bapa, vimekaushwa vizuri.

"Fundi. Giaboksi moja ina vichujio vingapi?"

"Kimoja, afande."

"Hapa viko viwili."

Fundi Mkuu aliviangalia. Aliviangalia kwa muda mrefu kuliko vichujio viwili vinavyohitaji. Kisha akageuza shingo kuelekea nyuma ya gereji na kumwita shemeji yake kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo watu wa nyumba moja huijua.

Shemeji alitokea akijifuta mikono. Alikuwa kaka wa mke wa Fundi Mkuu, mtu mzima mwenye tumbo la amani, ambaye kazi yake gerejini ilikuwa kuosha, na aliifanya kwa moyo wote kwa kuwa ndiyo pekee ambayo hajawahi kuiharibu. Maelezo yake yalitoka vipande vipande. Siku lilipoletwa basi, palikuwa na gari la mikate lililofunguliwa nalo giaboksi, la aina ileile. Beseni la mafuta ya taa lilikuwa moja. Aliona ni upuuzi kumwaga mafuta mazuri na kuanza upya.

"Ukaosha zote mbili pamoja," Inspekta alisema.

"Zilikuwa zinafanana, afande. Nikajua zote ni zako."

"Na hizi za mezani ni za gari lipi?"

Shemeji aliitazama meza kwa upendo, kisha kwa mashaka. Alisema ni za magari yote mawili, ila alichagua zile zilizotakata zaidi. Nyingine zimebaki kwenye beseni. Ni mbaya mbaya, zisingependeza mbele ya mgeni.

Inspekta alisimama. Aliondoka mezani, akatembea hadi ukutani, akasoma tangazo la betri lililobandikwa pale tangu mwanzo hadi mwisho, akarudi. Fundi Mkuu, nyuma yake, alikuwa akimuuliza shemeji yake kwa mnong'ono kama dada yake anajua kwamba ana ndugu wa namna hii. Shemeji alimjibu kwamba dada yake ndiye aliyemleta.

"Kuna kitu chochote," Inspekta aliuliza, "chochote kabisa cha lile basi, ambacho hukukiosha?"

Kulikuwa na kimoja. Ganda la giaboksi, lile boma zito la aluminiamu linalobeba viungo vyote, halikuenea kwenye beseni. Shemeji alilikumbuka kwa majuto na kuahidi kulishughulikia mchana huohuo. Inspekta alimwambia kwamba akiligusa atalala ndani.

Walilikuta nyuma ya gereji, limefunikwa gunia. Lilikuwa limejaa vumbi, oili na chembe za plasta ya ukuta wa saluni, na Inspekta aliutazama uchafu ule kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Namba iliyogongwa ubavuni ilikuwa ya basi. Na ndani, mkiani, shafti ya kutokea ilikuwa bado haijachomolewa, na juu yake lilikuwa limekaa lile gurudumu dogo lenye meno.

Meno yalikuwa mabaya. Upande mmoja wa kila jino ulikuwa umelika na kuviringika kama sabuni ya hoteli iliyotumika.

Inspekta aliomba kile kidole kizima. Fundi Mkuu alikitumbukiza katikati ya meno mawili. Kilikaa kwa kulegea, kikicheza.

"Sasa niambie wewe uliyesomea," Inspekta alisema. "Vyuma viwili vimegombana miaka. Kimoja kimetoka meno yote. Mwenzake hana hata mkwaruzo. Inawezekana?"

Fundi Mkuu alifikiri kama anayetafuta njia ya kulinda jina la gereji, asiipate. Alisema haiwezekani. Kidole kile si cha basi. Ni cha gari la mikate.

Beseni lililetwa. Inspekta mwenyewe alikunja mikono ya shati na kuingiza mkono kwenye mafuta ya taa hadi kwenye kiwiko, maana hakumwamini tena mtu yeyote pale na beseni. Alitoa pete. Alitoa springi iliyojipinda. Alitoa kijiko cha chai, ambacho Shemeji alikipokea kwa furaha ya mtu aliyekitafuta muda mrefu. Kisha akatoa kidole cha pili.

Ncha yake haikuwepo. Sehemu kubwa ya mabega yake ilikuwa imelika, laini, inang'aa kama kokoto ya mtoni. Lakini pale ncha ilipokatika, chuma kilikuwa cha kijivu, chenye punje punje, kama sukari. Inspekta alikitia kwenye meno ya gurudumu. Kilikaa. Kila kilipolika chenyewe, jino nalo lilikuwa limelika kwa umbo lilelile, vikakumbatiana kama wanandoa waliozeeka pamoja bila kuelewana.

Mafuta ya taa huondoa oili. Hayaondoi kovu.

Hata hivyo hakuridhika. Kidole kingeweza kuvunjika zamani, na mwendesha mashtaka angesema hivyo kabla hajamaliza kuketi. Aliomba tochi, akalala kifudifudi mbele ya ganda, juu ya kadibodi, na kuanza kupekua gundi nyeusi ya oili kwa bisibisi ndefu. Fundi Mkuu alijitolea kuleta kitambaa. Alikatazwa. Hatimaye bisibisi iligonga kitu, nacho kikatoka: kipande kidogo cha chuma, hakizidi punje ya mahindi. Alikilinganisha na kidole. Kilikuwa ndiyo ncha yenyewe, na kingo zake zote zilikuwa bado kali kiasi cha kuchana nailoni.

Alimuuliza Fundi Mkuu kingetokea nini kama ncha ile ingeanguka humo na gari likaendelea kutembea. Fundi Mkuu alisema ingesagwa na gurudumu hadi ikawa unga, au walau ikapoteza pembe zake zote. Hii haikusagwa. Kwa hiyo ilivunjika siku ambayo basi halikutembea tena baada ya hapo. Na isingeweza kuvunjika kama haikuwa ndani ya meno. Na isingekuwa ndani ya meno kama mtu hakuweka P.

Dereva alikuwa amesema kweli.

Inspekta alimpigia Mkuu wa Kituo, akiwa na oili hadi kwenye nyusi, akamweleza kwa utulivu mkubwa. Mkuu wa Kituo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza ni nani aliyekisaga hicho kidole mpaka kikawa chembamba. Inspekta alimwuliza Fundi Mkuu, naye akaeleza: hiyo ni kazi ya mtu anayeweka P wakati gari bado linatembea. Si mara moja. Ni mazoea. Mkuu wa Kituo akasema basi ni hivyohivyo, dereva ni nani mwingine, mshenzi yule alikuwa anakitafuna kidole makusudi, siku kwa siku, mpaka kikatike mbele ya saluni. Huo ndio unaitwa mpango. Mshtakiwa aletwe.

Kuna aina ya uchovu ambayo haitibiki kwa kulala, na Inspekta alikuwa nayo.

Aliagiza dereva aletwe ndani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye hata akiwa na pingu aliwaamkia mafundi mmoja mmoja. Inspekta alimwonesha kidole na kumuuliza kama ndivyo anavyoegesha. Dereva alisema hapana, yeye husimama kwanza, anakanyaga breki, ndipo anaweka P. Akaulizwa ni nani mwingine huliendesha basi. Akaulizwa tena. Alivitazama viatu vyake.

"Ni mimi tu, afande."

"Unajua ukisema ni wewe tu, umejifunga mwenyewe?"

"Najua."

"Basi sema."

"Mambo mengine ni ya nyumbani, afande. Siwezi kuyaleta polisi."

Inspekta alifungua kinywa ili amweleze tofauti kati ya adabu na kifungo. Hakuwahi. Kutoka getini liliingia gari dogo jeupe, lililong'arishwa, likikata kona kwa madaha, na kabla halijasimama, likiwa bado linaviringika kuelekea mezani, tumbo lake lilitoa mlio uliopenya gereji nzima: krrrrrk! Kisha likasimama kwa kutikisika, kama punda aliyevutwa mkia.

Fundi Mkuu alifumba macho, kama mtu aliyekanyagwa kidole chake mwenyewe. Dereva aliendelea kuvitazama viatu.

Aliyeshuka alikuwa mzee wa suti na kofia, mwenye basi. Alikuwa amekuja kuuliza basi lake litaachiwa lini, maana watoto wa watu wanatembea kwa miguu. Hakumtazama mkwewe kabisa. Inspekta alimwamkia, akamsogezea kile kiti cha plastiki, na kumuuliza, kwa heshima inayostahili umri wake, kama gari lile lina tatizo, maana limetoa mlio.

Mzee alicheka. Alisema vijana hawajui magari. Mlio ule ndio uzima wenyewe.

"Lazima ilie, binti yangu. Ikikaa kimya, nitajuaje kama imeshika?"

"Kumbe. Na basi nalo linalia hivyohivyo?"

"Nikiliendesha mimi, linalia. Jumamosi na Jumapili ni langu, nawapeleka wanakwaya. Huyu," akanyoosha kidevu kuelekea kwa mkwewe bila kumtazama, "anaegesha kimya kimya kama mwizi. Nimemfundisha, nimechoka. Ndiyo maana limemponyoka likamvunja mama yake mguu."

Shemeji, ambaye alikuwa anaelekea kwenye ganda na tambara, alisimama katikati ya njia. Inspekta alimwomba mzee afungue kiganja, akaweka humo kile kidole kilicholika, na juu yake ile ncha iliyovunjika. Akamwachia Fundi Mkuu aeleze. Fundi Mkuu alieleza taratibu, kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza chochote kuhusu gereji yake. Kila mlio ni jino moja linapigwa. Kila Jumamosi, kila Jumapili. Siku ile kijana alikiweka kidole mahali pake kama inavyotakiwa, ila palikuwa hapajabaki kidole.

Mzee alivitazama vyuma vile viwili. Aliviunganisha, vikaungana. Akavitenganisha. Kofia aliivua, ingawa hapakuwa na sababu.

"Yeye alijua?" aliuliza, na safari hii alimtazama mkwewe.

"Nadhani alijua tangu siku ya kwanza," Inspekta alisema. "Anakuheshimu kupita kiasi. Karibu afungwe kwa ajili yako."

Alitoa ufunguo, akamfungua dereva pingu, akaandika taarifa palepale juu ya boneti ya gari jeupe, akamsomea Mkuu wa Kituo kwenye simu neno kwa neno. Uzembe wa matunzo, ndiyo, na mwenye basi ataitwa kuujibu, pamoja na ule waya wa breki. Jaribio la kuua, hakuna. Mkuu wa Kituo alitaka kujua kama ana uhakika. Inspekta alimwambia ana uhakika kuliko alivyowahi kuwa na uhakika wa jambo lolote lililooshwa na sabuni.

Alipokata simu, mzee alikuwa amemshika mkwewe bega. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, ya upole mpya, kwamba yamepita, kwamba nyumba ni moja, na kwamba sasa waende wote wawili hospitalini kumjulia hali mgonjwa. Alikohoa kidogo. Akaongeza kwamba, kwa kuwa mama anapenda maelezo yanyooke, na kwa kuwa yeye mwenyewe mzee presha yake si nzuri, itakuwa vyema kijana ndiye atangulie kuingia wodini, amweleze mama yake ni mkono wa nani uliomvunja mguu.

Dereva alimtazama baba mkwe wake. Akalitazama lile gari jeupe. Kisha akageuka, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya Inspekta, viganja juu, viwiko vimebana.

"Afande," alisema, "hizo pingu bado unazo?"